Mkataba Uliodumu Miaka Saba

Landlodi akikufungia mlango na kodi ulishalipa, unatoa karatasi mliyosaini. Wamaasai nao walikuwa na karatasi. Mwaka wa 1904, Olonana na viongozi wengine walikubaliana na serikali ya Mwingereza: waachie malisho ya Bonde la Ufa, wabaki na Laikipia na eneo la kusini. Na sharti lilikuwa zito: ardhi hiyo ni yao maadamu Wamaasai wapo.

1911 ukaletwa mkataba mpya. Wa Laikipia wakalazimishwa kuhamia kusini. Watu na mifugo wakafa njiani.

Ole Gilisho, kiongozi wa moran wa kaskazini, akaenda kwa wakili. 1913, kortini Mombasa, hoja ilikuwa rahisi: serikali imevunja mkataba, ilipe. Majaji wakasema huu ni mkataba wa dola na dola, si wa kawaida, kwa hivyo korti haiwezi kuusikiza. Yaani watu walioamriwa hadi pa kulisha ng'ombe ghafla wakawa nchi ya kigeni.

Kwa hivyo kabla hujasaini, soma masharti, sawa. Lakini pia uliza: yakivunjwa, nani ataamua?