Malaria, kidingapopo, chikungunya: Majina ya homa yalitoka wapi?

WAKAZI wa Bonde la Kilombero, mkoani Morogoro, wameishi na mpunga na mbu kwa vizazi vingi. Maji yanayofurika bondeni wakati wa masika huyastawisha mashamba, na maji hayo hayo huacha madimbwi ambamo mbu huzaliana. Ndiyo maana katika mji wa Ifakara neno 'malaria' husikika kila siku, nyumbani, sokoni na hospitalini, kana kwamba lilizaliwa hapo.

Hata hivyo, neno hilo limesafiri mbali kabla ya kufika Kilombero. Majina mengi ya homa yanayotumika katika Kiingereza cha kitabibu yalikopwa kutoka lugha nyingine, zikiwamo lugha za Afrika Mashariki. Kila jina linaeleza namna waliolitunga walivyouelewa ugonjwa wenyewe. Wapo waliolenga sawasawa, na wapo waliokosea.

Hewa mbaya

Asili ya 'malaria' ni maneno mawili ya Kiitaliano, 'mala' na 'aria', yaani hewa mbaya. Kwa karne nyingi iliaminika kwamba homa iliyowaua watu wa Roma na vitongoji vyake kila kiangazi ilisababishwa na mvuke wa mabwawa. Waingereza walilichukua neno hilo katika karne ya 18. Kabla ya hapo homa ya vipindi waliiita 'ague', neno lililotokana na Kilatini, lenye maana ya homa kali.

Mwaka 1880 Alphonse Laveran, daktari wa jeshi la Ufaransa aliyekuwa Algeria, aliona vimelea katika damu ya mgonjwa. Mwaka 1897 Ronald Ross, akiwa India, aliwakuta vimelea hao katika tumbo la mbu. Hewa ikaondolewa lawama, lakini jina halikubadilishwa.

Neno 'mosquito' nalo ni la Kihispania, na maana yake ni inzi mdogo. Jina la kitaalamu la jamii ya mbu waenezao malaria, Anopheles, linatokana na Kigiriki na maana yake ni asiye na faida. Lilitolewa mwaka 1818 na Mjerumani Johann Wilhelm Meigen, miaka 79 kabla ya ugunduzi wa Ross, wakati hakuna aliyejua kosa la mdudu huyo.

Miongoni mwa jamii hiyo yumo Anopheles funestus. Neno la pili ni la Kilatini, lenye maana ya kuleta mauti au msiba. Watafiti wameonyesha kwamba katika vijiji vya Kilombero mbu huyu ndiye mwenezaji mkuu wa malaria, ingawa aina nyingine huweza kumzidi kwa idadi. Hapa jina limelenga sawasawa.

Dawa nazo zina asili yake. 'Quinine', ambayo Waswahili huiita kwinini, inatokana na neno la Kikechua, lugha ya wenyeji wa milima ya Andes huko Amerika ya Kusini, linalomaanisha gome la mti. Wafaransa Pierre Pelletier na Joseph Caventou waliitenga dawa hiyo kutoka katika gome hilo mwaka 1820.

Yaliyotoka Afrika Mashariki

Mwaka 1952 na 1953 homa ya ajabu ilienea katika uwanda wa Wamakonde, kusini mwa Tanganyika. Wagonjwa walipata maumivu makali ya viungo hata wakashindwa kusimama wima. Wenyeji waliiita 'chikungunya', neno la Kimakonde linaloeleza hali ya kujikunja. Madaktari Marion Robinson na W.H.R. Lumsden waliuandika ugonjwa huo mwaka 1955 kwa jina hilo hilo, na leo linatumika dunia nzima.

Mwaka 1959 homa inayofanana na hiyo ilizuka kaskazini mwa Uganda. Waacholi waliiita 'o'nyong-nyong', kwa maana ya kudhoofika kwa viungo. Katika miaka michache iliyofuata iliwakumba watu wapatao milioni mbili katika Afrika Mashariki.

Neno 'dengue' lina mjadala zaidi. Wataalamu wengi wanalihusisha na Kiswahili 'kidingapopo', au 'kidinga pepo' kama lilivyoandikwa na James Christie, daktari Mwingereza aliyefanya kazi Zanzibar katika karne ya 19. Inaelezwa kwamba neno hilo lilivuka bahari hadi visiwa vya Karibi, ambako wasemaji wa Kihispania walilitamka 'dengue' wakati wa mlipuko wa mwaka 1827 na 1828. Baadhi ya wanahistoria wa tiba wanaona kwamba ugonjwa wa Zanzibar wenyewe huenda ulikuwa chikungunya.

Majina haya yanatofautiana na 'malaria' kwa jambo moja. Chikungunya na o'nyong-nyong yanataja kile ambacho mgonjwa anakihisi, bila kudai kujua chanzo chake. Malaria inataja chanzo, na chanzo chenyewe si cha kweli.

Ifakara na jina lililopanuka

Mwaka 1957 Profesa Rudolf Geigy wa Taasisi ya Tiba ya Kitropiki ya Uswisi alianzisha maabara ya utafiti mjini Ifakara. Maabara hiyo ndiyo chimbuko la Taasisi ya Afya Ifakara ya leo.

Mwaka 1997 mradi wa vyandarua vyenye dawa ulianza kuuza bidhaa zake katika wilaya za Kilombero na Ulanga kwa jina la 'Zuia Mbu', jina linalomtaja adui halisi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalihusisha matumizi ya vyandarua hivyo na ongezeko la asilimia 27 la uwezekano wa kuishi kwa watoto wa kati ya mwezi mmoja na miaka minne.

Wakati huo huo, neno 'malaria' lilikuwa limepanuka mno midomoni mwa watu. Karibu kila homa ilipewa jina hilo na kutibiwa hivyo. Mwaka 2008 watafiti waliwapima watoto 1,005 wenye homa katika vituo vya Dar es Salaam na Ifakara. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2014, yalionyesha kwamba waliokuwa na malaria walikuwa asilimia 10.5 tu. Wengi zaidi, asilimia 62, walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa.

Upande mwingine neno lilibanwa mno. Mtoto mwenye malaria kali anapopatwa na mtukutiko, wazazi wengi husema ana degedege. Utafiti uliofanyika Bagamoyo katika miaka ya 1990 ulibaini kwamba wengi hawakuiona degedege kuwa ni malaria. Waliihusisha na pepo au dege, na mtoto alipelekwa kwanza kwa mganga wa jadi. Saa zilizopotea njiani ziliweza kumgharimu maisha.

Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila anayedhaniwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kupewa dawa. Pendekezo hilo linawahusu wote wawili: mtoto wa Ifakara mwenye homa ambaye jirani ameshasema ni malaria, na yule anayetukutika ambaye bibi ameshasema ni degedege. Tone la damu kidoleni ndilo litakaloonyesha kama vimelea wamo. Wote wawili wanastahili kufikishwa kituo cha afya siku hiyo hiyo, na anayetukutika afikishwe mara moja.