Mshairi Kabla ya Narnia

Nyumba hii ya matofali, The Kilns, pembezoni mwa Oxford, ilikuwa makazi ya C. S. Lewis tangu 1930 hadi alipofariki humu tarehe 22 Novemba 1963. Wageni wengi huja kumtafuta Aslan, simba wa hadithi zake za Narnia. Ni vyema waanze na mshairi.

Lewis alizaliwa Belfast mwaka 1898. Mama yake, Flora Hamilton, alifariki kwa saratani yeye akiwa na miaka 9. Diwani ya kwanza ya Lewis, *Spirits in Bondage*, ilitoka 1919 kwa jina la Clive Hamilton, la ukoo wa mama. Alikuwa na miaka 20, ametoka kujeruhiwa vitani Ufaransa. Hakuamini kuwa Mungu yupo, ila mashairi yake yanamlaumu huyohuyo aliyemkana. Utenzi wake *Dymer* wa 1926 haukupata wasomaji wengi. Ukristo aliurudia 1931.

Mwaka 1939 nyumba hii ilipokea watoto waliohamishwa London kwa hofu ya mabomu. Hadithi ya kabati la Narnia nayo inaanza hivyo: watoto wanne, nyumba ya profesa mashambani, vita London. Lakini taswira ya kiumbe nusu mtu nusu mbuzi, ameshika mwavuli thelujini, Lewis alisema alikuwa nayo tangu umri wa miaka 16.

Vitabu 7 vya Narnia, vilivyochorwa na Pauline Baynes, vilichapishwa 1950 hadi 1956. Rafiki yake J. R. R. Tolkien hakuvipenda: visasili vya Wagiriki na Baba Krismasi katika chungu kimoja!