Cheche iliyomsahihisha mchoraji

Vijana wenzetu, tukipiga picha za ngoma usiku kwa simu, mikono ya wapigaji inatoka kama moshi. Kwa nini? Jibu tunalipata kwenye historia ya mwanga.

Mwaka 1851, kule London, William Henry Fox Talbot alibandika ukurasa wa gazeti la The Times kwenye gurudumu, akalizungusha kwa kasi gizani, kamera ikiwa wazi. Halafu akawasha cheche moja tu ya umeme. Picha iliposafishwa, maandishi yakasomeka! Gizani kamera haishiki kitu mpaka mwanga uje, na cheche ile ilikuwa fupi kiasi kwamba gurudumu halikupata nafasi ya kusogea.

Mwingereza mwingine, Arthur Worthington, alitumia cheche kutazama matone yakidondoka. Kuanzia miaka ya 1870 alikuwa anaangalia kwa jicho, kisha anachora haraka. Michoro yake ilipendeza kweli: taji za duara, zimelingana pande zote. Mwaka 1894 akafanikiwa kupiga picha. Kumbe! Taji halisi halilingani, huku limerefuka, kule limekatika. Na yeye alishawahi kuchora yasiyolingana, ila aliyaweka kando akidhani ni bahati mbaya. Hakuficha jambo hilo. Alikiri kwamba akili yake ndiyo iliyokuwa inanyoosha kile jicho lilichoona.

Hapo ndipo tunajifunza sisi. Msomi mwaminifu alichora kwa miaka mingi kitu alichokitarajia. Hata wanaosimulia habari za wakimbizi wanafanya hivyo: lazima tuwe tunalia, au tunashukuru. Na sisi tukiwasimulia majirani zetu, tunanyoosha vilevile.

Miaka ya 1930 Harold Edgerton wa MIT, Marekani, aliendeleza taa ya umeme yenye gesi, ya kuwaka kwa muda mfupi mno na kurudia tena na tena. Mwaka 1957 akapiga picha maarufu ya tone la maziwa. Taa za simu zetu nyingi si za aina hiyo. Zinawaka kwa muda mrefu zaidi, mkono unasogea, ndiyo ule moshi.

Kwa hiyo tukikusanya picha za kumbukumbu ya kikundi, tusifute haraka zile ambazo hazikukaa vile tulivyotaka. Tuziangalie kwanza. Worthington aliyaweka kando yake, akachelewa miaka mingi.