Mji wa Wakwe

Wajerumani walipoweka kituo chao cha kijeshi Usumbura mwaka 1897, walikuta pwani ile ya Ziwa Tanganyika haina ugeni na wageni. Wafanyabiashara wa Ujiji walikuwa wameshafika kwa mitumbwi na majahazi, wakitafuta pembe za ndovu, chumvi na watumwa. Mkubwa wao, Muhammad bin Khalfan, aliyejulikana zaidi kwa jina la Rumaliza, alijaribu kuitia Burundi mkononi mwake kwa bunduki. Mfalme wa Burundi, Mwami Mwezi Gisabo, akamzuia. Lakini wale wadogo wasiokuwa na jeshi, wauza nguo na chumvi, walipata alichokosa Rumaliza: walitoa mahari, wakaoa, wakakaa.

Hivyo ndivyo Usumbura ulivyoanza kuwa mji. Askari wa Wajerumani walitoka pwani ya bahari na Unyamwezi. Wapagazi na wavuvi walivuka ziwa kutoka Umanyema. Waarabu wenye asili ya Oman walipanda kutoka Ujiji na Tabora. Baadaye wakaja Wahindi na Wagiriki wenye maduka. Karibu wote walikuwa wanaume, na wengi hawakuja na wake. Waliwaoa mabinti wa milimani na wa kando ya ziwa, wakaitwa wakwe na watu ambao lugha yao hawakuijua. Mke ndiye aliyekuwa mwenyeji. Mume ndiye aliyekuja. Jambo hili msomaji alishike, kwa sababu sheria zilizokuja kuandikwa baadaye ziliandikwa kana kwamba mambo yalikuwa kinyume chake.

Wabelgiji waliwafukuza Wajerumani mwaka 1916, na mwaka 1925 wakaiunganisha Ruanda-Urundi na Kongo yao katika utawala mmoja, Usumbura ukiwa makao makuu ya eneo hilo. Waliupanga mji kwa rangi za watu. Wazungu Rohero, kwenye mwinuko wenye hewa. Wahindi, Waarabu na Wagiriki katika mtaa ambao mpaka leo unaitwa Asiatique. Waafrika wa mjini waliwekwa Buyenzi na mtaa jirani ulioitwa Belge, ambao leo ni Bwiza. Buyenzi ilichorwa kwa mistari iliyonyooka, njia zake zikapewa namba badala ya majina, na humo Kiswahili kikawa lugha ya nyumbani na Uislamu dini ya wengi. Mwanamke aliyetoka mlimani kuolewa humo alijifunza vyote viwili. Watoto wake hawakuwa chini ya chifu yeyote. Katika vitabu vya utawala waliandikwa kuwa ni watu walio nje ya mila, na kwa Mbelgiji maelezo hayo yalitosha.

Na Wabelgiji wenyewe je? Sheria ya kwao ilikuwa wazi: mwanamke wa kigeni akiolewa na Mbelgiji, naye anakuwa Mbelgiji. Basi ndoa yenyewe ndiyo iliyokwepwa. Wazungu wengi waliishi na wanawake wa Kiafrika bila kufunga ndoa yoyote inayotambuliwa, na watoto waliozaliwa wakachukuliwa na serikali na kupelekwa kwa watawa. Kituo kilichojulikana zaidi katika eneo hili kilikuwa Save, Rwanda, kilichopokea machotara wa Rwanda na wa Burundi pia. Uhuru ulipokaribia, mamia yao walisafirishwa hadi Ubelgiji, wengine bila mama zao kujua wamepelekwa wapi. Waziri Mkuu Charles Michel aliomba radhi kwa niaba ya nchi yake bungeni tarehe 4 Aprili 2019. Mama zao hawakuwahi kuwa wake mbele ya sheria, kwa hiyo hapakuwa na karatasi ya kuwapeleka popote.

Burundi ilipata uhuru tarehe 1 Julai 1962, na Usumbura ukawa Bujumbura. Waswahili wa Buyenzi walikuwa miongoni mwa wafuasi wakubwa wa Mwanamfalme Louis Rwagasore na chama chake cha UPRONA, ambacho Septemba 1961 kilichukua viti 58 kati ya 64. Rwagasore aliuawa Oktoba mwaka huohuo. Swali la nani ni Mrundi na nani ni mgeni aliyezaliwa Burundi likabaki bila yeye. Baba akiwa Mmanyema, mama Mrundi, mtoto amezaliwa Buyenzi: huyu ni nani?

Jibu la kwanza kamili lilitoka tarehe 10 Agosti 1971, chini ya Rais Michel Micombero, katika sheria ya uraia. Uraia ungefuata damu, na damu iliyohesabiwa ni ya baba. Mwanamke wa kigeni aliyeolewa na Mrundi alifunguliwa njia ya kuwa Mrundi. Mwanamume wa kigeni aliyeoa Mrundi hakupata njia hiyo kwa ndoa yake. Anayechukua uraia wa nchi nyingine alipaswa kuuacha wa Burundi. Haikuwa sheria ya ajabu kwa wakati wake. Ubelgiji wenyewe ulikuwa ukiwafanya wake wa kigeni kuwa raia kwa ndoa hadi ulipoandika upya sheria yake mwaka 1984. Lakini katika mji uliojengwa na wakwe, kuandika sheria inayomjua bibi harusi tu ni kuukosea mji wenyewe.

Miezi minane baadaye, Aprili 1972, yalianza mauaji ambayo Warundi wanayaita ikiza. Maelfu kwa maelfu walikimbilia Tanzania, wakapewa ardhi Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Huko walizaa na kuoana, wao kwa wao na wenyeji. Sheria ya uraia ya Tanzania ya 1995 nayo ilifuata njia ileile: mke wa Mtanzania anaweza kuomba uraia kwa sababu ya ndoa, mume wa Mtanzania hana fursa hiyo. Kijana wa Katumba aliyeoa binti wa Kiha alibaki mkimbizi. Dada yake aliyeolewa na Mha alikuwa na mlango. Zaidi ya wakimbizi 160,000 wa 1972 walikuja kupewa uraia wa Tanzania kwa mkupuo, wengi wakishika hati zao kuanzia Oktoba 2014. Hatua ile ilistahili sifa kubwa kuliko iliyopata.

Kisa kinachoonyesha vizuri zaidi kinachotokea pale karatasi inapofuata upande mmoja tu ni cha Waarabu wa Bujumbura. Sultan Qaboos alipochukua madaraka Oman mwaka 1970 aliwaita nyumbani Waomani waliotawanyika, na wengi wa Afrika Mashariki, Kongo na Burundi waliitikia. Mpaka leo Muscat kuna familia zinazozungumza Kiswahili na Kifaransa kwa sababu zilitokea Bujumbura. Lakini si wote walioweza kuthibitisha asili yao. Waliobaki Asiatique na Buyenzi hawakuwa na pasipoti ya Oman, wala hawakuwa Warundi. Kwa miaka kadhaa takwimu za Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi zilitaja watu 974 wa asili ya Oman waliokuwa katika hatari ya kukosa utaifa nchini Burundi. Bila hati hawakuweza kupata pasipoti wala leseni ya udereva. Serikali ya Burundi iliwapa nafasi ya kuchukua uraia wake; wengi wa waliobaki wakasita, wakiwa bado wanaingoja Oman.

Fikiria sasa binti wa Kirundi anayeolewa na mmoja wao. Yeye ana karangamuntu, kitambulisho cha taifa, tangu utu uzima wake. Mumewe hana kitu. Kwa ndoa hiyo hawezi kumfanya Mrundi. Watoto, kwa kuwa baba yao anajulikana na amewakubali, sheria inawatazama kupitia baba. Laiti baba angekuwa hajulikani, uraia wa mama ungewafikia moja kwa moja. Yaani mwanamke aliyefunga ndoa ya halali anamwachia mwanawe haki chache kuliko aliyezaa bila mume. Sijui kama waliotunga walikusudia hivyo, lakini maandishi yanasema hivyo. Upande wa Oman nako mlango ulikuwa na komeo lake: Mwomani aliyetaka kuoa au kuolewa na mgeni alihitaji kibali cha serikali, mpaka Sultan Haitham alipoifuta kanuni hiyo kwa amri namba 23 ya Aprili 2023.

Sheria mpya ya uraia ya Burundi ilitiwa saini tarehe 18 Julai 2000, wiki chache kabla ya Mkataba wa Arusha wa kumaliza vita vya wenyewe kwa wenyewe. Ilileta jambo moja kubwa: Mrundi akaruhusiwa kuwa na uraia mwingine bila kupoteza wake. Kwa watu waliotawanyika tangu 1972 hilo lilikuwa na thamani kubwa. Kuhusu ndoa, hata hivyo, ramani ilikuwa ileile. Mke wa kigeni hutoa tamko lake na kuupata uraia. Mume wa kigeni huomba tajinisi kama mgeni mwingine yeyote, nafuu yake ikiwa ni kwamba miaka 10 ya ukaazi inayotakiwa kwa wengine, kwake hupunguzwa kuwa 5. Katikati ya miaka hiyo anaishi kwa viza ya ukaazi, inayolipiwa na kuhuishwa.

Majirani walikuwa wameanza kusogea. Rwanda, nchi ambayo wakimbizi wake wa 1959 walioa na kuolewa Bujumbura kwa kizazi kizima, iliandika mwaka 2004 sheria isiyobagua kati ya mume na mke wa kigeni. Katiba ya Kenya ya 2010 ikampa haki ya kuomba uraia yeyote aliyedumu katika ndoa na Mkenya kwa miaka saba. Burundi nayo, katika Katiba ya 2005, ibara ya 12, ilitamka kwamba watoto wa wanaume na wa wanawake wa Kirundi wana haki sawa mbele ya sheria ya uraia, na ikakataza ubaguzi wa jinsia. Lakini karani wa kaunta hasomi Katiba. Anasoma sheria aliyopewa, nayo ilikuwa ya 2000.

Kisha ikaja Aprili 2015, mgogoro wa muhula wa tatu wa Rais Pierre Nkurunziza, na zaidi ya Warundi 400,000 wakawa nje ya nchi. Wengi walikwenda kambi za nchi jirani: Nyarugusu, Nduta, Mahama na Nakivale. Wachache walifika Brussels, ambako Warundi walikuwapo tangu zamani, na hapo habari ya mume na mke ikageuka. Sheria ya Ubelgiji ya kuunganisha familia haiulizi nani mume. Inauliza nani ana kipato. Marekebisho ya 2011 yalimtaka anayemwita mwenzi wake awe na mapato thabiti yanayofikia asilimia 120 ya posho ya msingi ya ustawi, nyumba ya kutosha na bima ya afya, na kwa kawaida wote wawili wawe wametimiza miaka 21. Mwaka 2025 serikali ya Bart De Wever ilikaza zaidi. Muuguzi wa Kirundi mwenye mkataba wa kazi anaweza kumwita mumewe. Mumewe mwenye heshima zote za Buyenzi lakini asiye na hati ya mshahara hawezi kumwita yeye.

Hapo ndipo wengi wa Buyenzi hugundua kwamba hawajaoana. Sheria ya familia ya Burundi inatambua ndoa iliyofungwa mbele ya afisa wa komini tu. Nikaha ya msikitini na mahari iliyotolewa mbele ya wazee havihesabiki. Mwaka 2017 Rais Nkurunziza aliamuru wote wanaoishi pamoja bila ndoa ya serikali waihalalishe kabla ya mwaka kwisha. Amri ile ilichekwa na kulaumiwa, na ukali wake kwa watoto wa nje ya ndoa haukuwa na utetezi. Ila baadhi ya waliopanga foleni komini mwaka ule walijikuta baadaye na cheti ambacho ubalozi wowote ungekidai.

Wako pia waliorudi. Baada ya vita kwisha, Warundi wenye uraia wa Ubelgiji, Kanada au Marekani walikuja Bujumbura kufanya kazi, wakaoa na kuolewa hapo. Mtu wa namna hii anaweza kuanza safari ya kumdhamini mwenzi wake akiwa bado anaishi kando ya ziwa. Kanada inamruhusu raia wake aliye nje, mradi aonyeshe kwamba wawili hao watahamia huko mwenzi akishapewa ukaazi. Mwenye ukaazi wa kudumu tu hana ruhusa hiyo mpaka awe anaishi Kanada. Marekani humtaka raia wake athibitishe kwamba makazi yake ni Marekani au kwamba anarudi kuyaweka huko, na Juni 2025 iliiingiza Burundi katika orodha ya nchi ambazo raia wake wamewekewa vizuizi vya viza.

Chukua basi mwanamke mmoja aliyezaliwa Buyenzi, mwenye uraia wa Burundi na wa Kanada kwa pamoja kama sheria ya 2000 inavyomruhusu, ameolewa na Mkongo wa Uvira, mji ulio chini ya kilomita 30 kutoka kwake. Kwa pasipoti ya Kanada anaweza kumdhamini mumewe akae huko maisha yake yote. Kwa karangamuntu hawezi kumpa haki hiyo katika mtaa aliozaliwa, hata kama babu yake mwenyewe aliingia mtaa huo kwa mlango wa ukwe. Katiba imeshasema neno lake tangu 2005. Bunge la Burundi ndilo lenye deni.