Skullyville: Mji wa Pesa uliowachangia watu wa Ireland wasiowajua

Ukisikia jina Skullyville haraka haraka unaweza kuwaza mafuvu. Wala! Jina hilo linatokana na neno iskuli, ambalo kwa lugha ya Wachoctaw ni pesa. Yaani Mji wa Pesa. Ila pesa yenyewe ilikuja na machungu.

Iko hivi. Wachoctaw ni wenyeji wa asili wa kusini-mashariki mwa Marekani, na sehemu kubwa ya ardhi yao ilikuwa Mississippi. Mwaka 1830 Marekani ilipitisha sheria ya kuwahamisha watu kama wao, na tarehe 27 Septemba mwaka huohuo viongozi wao wakasaini mkataba wa Dancing Rabbit Creek. Ekari kama milioni 11 zikawaponyoka. Wakaambiwa waende magharibi, eneo ambalo leo ni Oklahoma.

Safari zilianza 1831. Msimu wa kwanza wakakutana na baridi ya kutisha, wengi hawana hata nguo za kujisitiri nayo. Mwaka uliofuata kikaja kipindupindu. Maelfu walifia njiani.

Waliofika ndiyo wakauona mji wetu ukizaliwa. Mwaka 1832 serikali ya Marekani ilijenga ofisi ya wakala wake karibu na mto Arkansas, na moja ya kazi zake ilikuwa kuwalipa Wachoctaw pesa za kila mwaka zilizotokana na mikataba. Penye mkwanja wafanyabiashara hawakosi. Maduka yakafunguliwa, nyumba zikaongezeka, na wenyeji wakapaita kwa kile walichokuwa wanakifuata pale: iskuli.

Sasa shika hii. Mwaka 1847 Ireland ilikuwa hoi. Ugonjwa ulikuwa umeshambulia viazi tangu 1845, na viazi ndiyo vilikuwa chakula cha maskini. Njaa ile ilikuja kuua watu wapatao milioni moja. Habari zikavuka bahari hadi Skullyville.

Tarehe 23 Machi 1847 watu wakaitwa kwenye mkutano: Wachoctaw, wamisionari, wafanyabiashara na maofisa. Zikachangwa dola 170. Leo unaweza kuona ni hela ya kawaida, lakini Wachoctaw walikuwa wamezika ndugu zao njiani miaka 16 tu nyuma, na walikuwa bado wanaanza maisha upya. Walichojua ni njaa na kufukuzwa kwenye ardhi, basi.

Ila tusipambe sana. Baadhi ya Wachoctaw wenye uwezo walimiliki watumwa wenye asili ya Afrika, na waliwaleta nao kwenye safari ile ile ya mateso. Vita ya wenyewe kwa wenyewe ilipoanza 1861, taifa la Choctaw lilisimama na majimbo ya kusini. Watumwa hao waliachiwa huru kwa mkataba wa 1866, na uraia wa Choctaw wakasubiri hadi 1885. Yaani moyo uliomuonea huruma mtu wa ng'ambo haukumuona aliyekuwa akilima shamba la nyumbani.

Mji nao haukudumu. Mwaka 1857 Wachoctaw waliandikia katiba yao hapo, na 1858 magari ya farasi ya posta yakaanza kupita yakielekea California. Vita ikauharibu, halafu miaka ya 1890 reli ikapita pembeni, upande wa Spiro. Watu wakahamia treni ilipo. Leo kilichobaki zaidi ni makaburi ya zamani.

Lakini Ireland hawakusahau. Mjini Midleton, jimbo la Cork, kuna mnara wa manyoya tisa makubwa ya tai, ya chuma kisichoshika kutu, uliozinduliwa rasmi 2017 kwa heshima ya Wachoctaw. Mwaka 2018 waziri mkuu wa Ireland aliwatembelea Oklahoma akiwa na habari ya ufadhili wa masomo kwa vijana wao. Korona ilipowabana Wanavajo na Wahopi mwaka 2020, maelfu ya watu wa Ireland wakatuma michango, na wengi wakaandika kwamba wanalipa deni la 1847.

Wanavajo na Wahopi hata si Wachoctaw. Na wala hakuna aliyewahi kudai hilo deni.