Kutoka Gari Moshi Hadi Treni ya Umeme

Sisi wa Nkoma hatuna reli mlangoni. Stesheni yetu tangu zamani ni Malampaka, kwenye njia itokayo Tabora kwenda Mwanza, iliyokamilika mwaka 1928. Wajerumani walikwisha kuifikisha reli ya kati Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Waingereza wakaongeza tawi hili, na pamba ya Usukuma ikapata njia ya kwenda pwani.

Julai 1973 nilikuwa mwanachuo wa ualimu Dar es Salaam. Nikaletewa telegramu: mama yu mahututi. Nilipanda daraja la tatu siku ile ile. Baada ya siku mbili njiani nilishuka Malampaka, nikadandia lori la pamba. Nililikuta kaburi bado bichi.

Agosti 2024 wajukuu walikuwa likizo, wakanipandisha treni ya umeme kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma. Mwendo wake hufika kilomita 160 kwa saa. Wafaransa wana treni za kasi zaidi tangu mwaka 1981, na huzipanda kwenda mapumzikoni. Kwangu mimi hii ilitosha. Muda wa saa nne hivi, tumefika. Wajukuu walishangilia. Mimi nilitazama dirishani, nikizihesabu zile siku mbili.

Ujenzi wa kipande cha Mwanza hadi Isaka ulizinduliwa mwaka 2021. Reli hiyo mpya ikikamilika na kuungana na ya Dodoma, mtoto wa Nkoma ataitwa nyumbani, naye atawahi.