Akiba ya Umeme: Nani Anashika Ufunguo wa Ghala?

Wahenga walisema akiba haiozi. Kwa mtama na uwele usemi huo ni wa kweli. Kwa umeme sivyo. Umeme hauna budi kutumika saa ile ile unapofuliwa. Usipotakiwa, mtambo husimamishwa na upepo hupita bure. Basi katika somo hili tujiulize: ziada ya umeme wa maji na upepo huwekwa wapi, na nani anashika ufunguo wa ghala lake?

Tuanzie Tanzania. Kituo cha Kidatu, kwenye Mto Ruaha Mkuu, kilianza kufua umeme mwaka 1975 kwa megawati 100. Lakini mto hufurika masika na hukonda kiangazi, ambapo nyumba na viwanda vinahitaji umeme mwaka mzima. Kwa sababu hiyo bwawa la Mtera lilijengwa upande wa juu wa mto, likakamilika mwaka 1980, ili maji ya masika yangoje kiangazi. Mwaka 1988 mitambo ya megawati 80 ilianza kazi Mtera penyewe, maji yale yale yakafanya kazi mara mbili. Ni wazi basi kwamba kinachowekwa akiba si umeme. Ni maji.

Hata hivyo ghala si ukuta wa zege peke yake. Mwaka 1992 na 1994 mgao wa umeme uliwaangukia wananchi, na mwaka 2006 ukarudi. Ukame ulikuwapo, na mkulima wa mpunga wa Usangu alinyooshewa kidole. Lakini wataalamu waliochunguza baadaye walionyesha kwamba namna maji ya Mtera yalivyofunguliwa nayo ilichangia. Aliyeshika jembe alilaumiwa upesi. Aliyeshika ufunguo aliulizwa baadaye. Tena gridi ilikuwa imeutegemea mno mto mmoja.

Dawa ya kutegemea mto mmoja ni kuunganisha, na historia ya Ulaya ya Kaskazini inatufunza. Denmark haina milima, inao upepo. Norwe inayo milima na mabwawa. Mwaka 1976 na 1977 nchi hizo zililaza nyaya mbili chini ya bahari ya Skagerrak. Wakati ule Denmark ilitegemea mitambo ya kuchoma makaa na mafuta, na shabaha ilikuwa kubadilishana umeme huo na ule wa maji. Upepo ulipokuja kwa wingi, njia ilikuwa tayari. Upepo ukivuma, Norwe hutumia umeme wa Denmark na kufunga milango ya mabwawa yake. Upepo ukitulia, milango hufunguliwa na umeme hurudi. Bwawa la jirani limekuwa ghala, wala hakuna tone la maji lililovuka bahari. Vituo vya kuongozea gridi hupima mahitaji na ufuaji wakati wote kwa kompyuta, kwa maana mahitaji na ufuaji visipolingana taa huweza kuzimika.

Kinyume chake kilionekana Kenya. Mwaka 2017 mitambo 365 ya upepo, yenye uwezo wa megawati 310, ilikuwa imekwisha kusimikwa karibu na Ziwa Turkana. Njia ya kuupeleka umeme Suswa ilikamilika Septemba 2018. Kwa zaidi ya mwaka mmoja upepo ulipita, na fidia ikadaiwa juu yake. Nyenzo za uzalishaji zilikuwapo. Njia ya kuzifikisha kwa wananchi haikuwapo.

Desemba 2024 gridi za Kenya na Tanzania ziliunganishwa kwa njia ya kilovolti 400 kati ya Isinya na Singida. Mwaka 2025 mtambo wa tisa na wa mwisho wa Bwawa la Julius Nyerere ulikamilika, jumla megawati 2,115. Usiku wa manane visima vya mvuke vya Olkaria haviwezi kuzimwa na kuwashwa kama taa, wala upepo wa Turkana haulali. Ziada hiyo ikija kusini, maji ya Rufiji yanaweza kungoja nyuma ya ukuta hadi jioni ya kesho. Huo ni uwezekano tu. Pasipo mapatano ya wazi kuhusu bei, saa za kufungua milango na haki ya mkulima aliye bondeni, mwenye nguvu atainunua ziada kwa bei ya kutupa na kuiuza kwa bei ya njaa.

Kwa hiyo kada akiulizwa kijijini kwa nini taa zimezimika, asijibu "ukame" akanyamaza. Atafute kwanza: maji yalikuwa kiasi gani, yalifunguliwa lini, na kwa amri ya nani?